Kinyama kwanza au tembe kwanza? Kulinganisha njia za kupima na kutibu TB ya ini

"Mimi sikohoi. Hicho kifua kikuu kitatokea wapi?"

Ndivyo ami yangu alivyomjibu daktari, kakaa ukingoni mwa kitanda, shati wazi, ute wa mashine ya ultrasaundi haujamkauka tumboni. Sikumlaumu. Jina tulilolipa gonjwa hili limelifungia kifuani, na hapa Mombasa mtu akisikia TB anatazamia kikohozi, makohozi na damu. Kijidudu chenyewe, kile ambacho Robert Koch alikitangaza Berlin tarehe 24 Machi 1882, hakina habari na jina hilo. Kikishapenya kwenye damu hutua popote: kwenye tezi, uti wa mgongo, figo, utando wa ubongo, na kwenye ini pia. Katika kila wagonjwa 100 wa TB wanaosajiliwa duniani, takriban 15 wana TB ya nje ya mapafu. Ya ini peke yake ni adimu, na uadimu huo ndio unaowachelewesha wengi, maana si ugonjwa unaomjia daktari akilini mara ya kwanza.

Ndani ya wiki moja ami alikuwa ameshapewa ushauri wa aina nne. Jirani alileta majani ya mwarobaini. Kijana wa duka la dawa alimuuzia Flagyl na dawa ya kuua bakteria. Daktari mmoja akasema aanzishiwe tembe za TB tuone. Mwingine akasema tembe zingoje, kwanza achomwe sindano ya kutoa kinyama cha ini, yaani kipande kidogo cha nyama ya ini kinachopimwa maabara. Mimi si daktari, nilikuwa mbeba faili tu, lakini faili hilo nimelisoma mpaka kona zake zimejikunja. Tangu hapo kila mwenye mgonjwa wa ini pale mtaani huniuliza nimfanyeje. Haya ndiyo majibu yangu, na upande wangu nakuambia mapema: hali ikiruhusu, kinyama kitoke kabla ya tembe ya kwanza, na kigawanywe vyombo viwili.

TB, jipu la amiba, saratani

Homa za jioni, jasho la usiku, mwili kupungua, uzito chini ya mbavu za kulia, chakula hakitamaniki. Ami alikuwa na yote hayo. Shida ni kwamba magonjwa matatu tofauti huingia kwa mlango huohuo.

Jipu la amiba, yaani usaha ndani ya ini unaoletwa na kimelea cha utumbo, lina haraka. Mgonjwa hukumbuka siku lilipoanza: homa imepanda, upande wa kulia unauma hata akipumua, maumivu yanapanda hadi begani. Kwenye picha mara nyingi ni jipu moja, upande wa kulia wa ini, na likinyonywa kwa sindano hutoka usaha wa hudhurungi mzito kama ukwaju uliokorogwa. Metronidazoli, yaani hiyo Flagyl, kwa kawaida huishusha homa ndani ya siku tatu hadi tano. Kwa hivyo yule kijana wa duka hakukosea kuifikiria amiba. Alikosea kuongeza ile dawa ya pili, na nitaeleza kwa nini. Ami alimaliza wiki nzima ya Flagyl na homa ikawa inarudi kila magharibi, kama iliyoitwa na adhana.

Saratani ya ini huja taratibu, na mara nyingi inamfuata mtu ambaye ini lake limeshaharibiwa na homa ya ini ya aina B au C, au pombe ya miaka. Sumu ya ukungu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya nayo inachangia. Kipimo cha damu kiitwacho AFP hupanda kwa wagonjwa wengi, ingawa si wote. Kwenye siti skani yenye dawa ya kung'arisha, uvimbe wa saratani ya ini huwaka mapema kisha hufifia kabla ya ini lenyewe. Uvimbe wa TB kwa kawaida hung'aa ukingoni tu, katikati pakabaki giza. Lakini usiutegemee sana mwanga huo. Ziko ripoti za kitabibu kutoka nchi mbalimbali za watu waliokatwa kipande cha ini kwa kudhaniwa wana saratani, na darubini ikakuta TB.

TB yenyewe huvuta wiki hadi miezi. Iko inayotoka kwenye mapafu kupitia mshipa wa damu na kutapakaa ini zima kwa vipele vidogo kama punje za uwele. Hii ndiyo inayotokea zaidi. Iko inayopanda kutoka matumboni kwa mshipa mkubwa unaoleta damu ya chakula kwenye ini, ikafanya uvimbe mmoja au michache, na pengine jipu. Na iko inayokaa kwenye njia ya nyongo au kwenye tezi za langoni mwa ini. Tezi hizo zikivimba hubana mrija, na hapo mgonjwa hugeuka manjano. Kwenye karatasi ya damu kuna dokezo moja zuri: kipimo cha ALP kimepanda sana wakati ALT na AST, vinavyoonyesha seli za ini zinavyokufa, vimesogea kidogo tu. Albumini, protini inayotengenezwa na ini, iko chini. ALP ya ami ilikuwa zaidi ya mara tatu ya kiwango cha juu, ALT yake ilikuwa karibu ya kawaida. Dokezo hilo halithibitishi TB, ila linakuambia kitu kimejipenyeza katikati ya ini, tofauti na homa ya ini ya virusi inayoliunguza lote.

Vipimo vya kumaliza kwanza

Kipimo cha sindano ya mkononi, Mantoux, husomwa baada ya saa 48 hadi 72. Kwetu karibu kila mtu alichanjwa BCG, chanjo ya TB, utotoni, na kipimo hiki kinaweza kuvimba kwa sababu hiyo. Kile cha damu kiitwacho IGRA hakichanganywi na BCG. Vyote viwili lakini havitofautishi TB iliyolala na TB inayokula mwili, na mgonjwa aliyedhoofu sana anaweza kutoa jibu la uongo la kutokuwa nayo. Kama pesa ni za kuhesabu, mimi singezitoa hapa.

Ningezitoa kwenye mambo matatu. Picha ya kifua na makohozi yapimwe hata kama mgonjwa hakohoi. Ami alinuna, lakini sababu yake ni ya maana: kijidudu kikionekana kwenye makohozi, jibu limepatikana bila kuligusa ini, na huenda sindano isihitajike kabisa. Tena TB ya ini haimwambukizi mtu mezani, ila ya mapafu inaambukiza, na nyumbani kuna wajukuu. Kipimo cha virusi vya UKIMWI nacho hakikwepeki, kwa kuwa jibu lake linabadilisha kila hatua inayofuata. Mwenye virusi akiwa mgonjwa sana kuna kipimo cha mkojo kiitwacho LAM kinachotoa jibu ndani ya dakika 25, kwa ujiti mdogo kama wa kupimia mimba. Mkojo ni rahisi kupatikana kuliko nyama ya ini. La tatu ni ultrasaundi.

Ultrasaundi na siti skani watu huzishindanisha kwa bei, na hilo si kosa. Ultrasaundi ni nafuu, haina mionzi, na ndiyo inayomwongoza daktari sindano ipite wapi. Kasoro yake ni kwamba zile punje za uwele zinaweza kuiponyoka. Ripoti ikaandika "ini limekuwa kubwa" na basi. Siti skani huona vidogo zaidi, huona tezi za tumboni, utumbo ulionenepa, chembe za chokaa. Lakini dawa yake ya kung'arisha inataka figo zipimwe kwanza, na mwishowe hata yenyewe haitaji jina la ugonjwa. Sisi tulianza na ultrasaundi, na siti skani tuliifanya kwa sababu daktari alitaka kujua kama inafanana na saratani. Lau uvimbe ungeonekana vizuri na sindano ingefika, sidhani ningeilipia.

Sindano, na chupa ya pili

Hapa ndipo penye uamuzi, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Kinyama cha ini hutolewa kwa njia tatu. Ya kawaida ni sindano kupita katikati ya mbavu huku ultrasaundi ikionyesha njia. Mgonjwa yuko macho, amepigwa ganzi mahali hapo. Ya pili hupitia mshipa wa shingo hadi ndani ya ini, kwa mtu ambaye damu yake haigandi vizuri au tumbo limejaa maji, ila si kila mahali pana mtaalamu wake. Ya tatu ni kamera kupitia tundu dogo tumboni. Hatari kubwa ni kuvuja damu ndani, ndiyo maana hupimwa kwanza kuganda kwa damu na chembe sahani, na daktari huuliza kama unakunywa aspirini au dawa ya kulainisha damu. Baada ya hapo mgonjwa hulazwa ubavu wa kulia saa kadhaa, akipimwa presha na mapigo. Ami alilalamika bega. Nesi akamwambia, "Mzee, usitie shaka, bega linaumia kwa ajili ya ini," naye akaniangalia kama kwamba sasa wote wamekubaliana kumcheza shere. Nesi alikuwa sawa: ngozi ya ini na bega vinatumia njia moja ya hisia.

Kinyama kikifika maabara kuna majibu manne yanayowezekana, na hayana uzito sawa. Mtaalamu wa darubini hutafuta vifundo vya TB, vile ambavyo katikati vimekufa na kumeguka kama maziwa yaliyokatika. Akiviona, jibu linaelekea sana kwenye TB. Akiona vifundo visivyo na kiini kilichokufa, bado kuna kichocho, kuna brusela ya maziwa mabichi, kuna na magonjwa mengine. Rangi ya kuonyesha vijidudu vyenyewe mara nyingi hutoka tupu, kwani kwenye ini huwa vichache. Kuotesha kijidudu ndiyo kauli ya mwisho, na kunaonyesha dawa zipi zinakishinda, ila kwenye chombo cha maji huchukua hadi wiki sita na kwenye kigumu hadi nane. GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kijidudu, hutoa jibu ndani ya saa mbili na papo hapo husema kama kijidudu kimekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Ikisema ipo, iamini. Ikisema haipo, kesi haijafungwa: kile kipande kidogo kama uzi wa tambi huenda hakikubeba kijidudu hata kimoja.

Sasa kisa chetu. Mara ya kwanza, mahali ambapo sitapataja, vipande vyote vitatu vilitumbukizwa kwenye chupa moja yenye fomalini, ile dawa kali ya kuhifadhia nyama inayochoma macho. Nikaishika mimi mwenyewe, imefungwa kwa plasta nyeupe, jina la ami limeandikwa kwa kalamu ya wino unaofutika. Nikaipeleka maabara kwa miguu, jua la saa saba, nikidhani nafanya kazi kubwa. Dada wa maabara akaitazama, akanitazama.

"Ya kuotesha iko wapi?"

"Ipi?"

"Kaka, hii fomalini. Hapa vijidudu vimeshakufa. Darubini itasoma, lakini mimi siwezi kuotesha maiti."

Darubini ikaona vifundo, bila kiini kilichokufa. Yaani TB, au kitu kingine. Ami akachomwa mara ya pili baada ya siku tisa. Safari hii nilisimama mlangoni na kuuliza kabla sindano haijafunguliwa: chupa ni ngapi? Zikawa mbili: moja ya fomalini kwa darubini, na nyingine ya maji ya chumvi safi ya hospitali, isiyo na dawa yoyote, kwa ajili ya GeneXpert na kuotesha. Ile ya pili ifike maabara siku hiyohiyo. GeneXpert ikasema ipo, na rifampisini inafanya kazi. Kama kuna sentensi moja ya kukariri katika andiko hili lote, ni hilo swali la mlangoni.

Je, wanaosema tuanze tembe bila kinyama wamekosea? La. Mtu anayedidimia, mwenye virusi vya UKIMWI na kinga imeshuka, mwenye picha ya kifua iliyojaa zile punje, au ambaye damu yake haigandi, hawezi kungojea darubini. Daktari akiamua kuanza hapo anaokoa maisha, nami ningetia sahihi. Hoja yangu ni kwa yule ambaye anaweza kungoja siku chache. Ukianza bila kinyama, hujui kama kijidudu ni sugu. Ukipata nafuu, nafuu hiyo nayo si ushahidi, kwa sababu rifampisini inaua na bakteria wengine, brusela wakiwemo. Kama ni saratani, miezi miwili imepotea. Na siku vipimo vya ini vikipanda, hutajua kinacholiharibu ini ni ugonjwa usiosikia dawa au ni hizo tembe zenyewe. Hilo la mwisho ndilo linalonitisha.

Turudi kwa kijana wa duka na ile dawa yake ya pili. Dawa za jamii ya siprofloksasini na levofloksasini huuzwa madukani kama njugu. Zina nguvu fulani dhidi ya kijidudu cha TB: homa hutulia, mgonjwa hujiona amepona, vipimo vikatoka tupu, kisha ugonjwa hurudi ukiwa umechelewa na pengine umeshajifunza kuikwepa dawa hiyo. Kama mgonjwa wako ameshazimeza, usimfiche daktari.

Wapi: ya serikali au ya binafsi

Tembe za TB na kipimo cha GeneXpert hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, iwe ni Port Reitz, Tudor au Likoni, na hospitali kuu ya Coast General, ambayo wengi bado tunaiita Makadara, ndiyo ya rufaa. Gharama huwa kwenye picha, sindano na kitanda. Bima ya serikali tangu Oktoba 2024 ni ya SHA, si NHIF tena, kwa hivyo hakikisha mgonjwa amesajiliwa kabla ya siku ya sindano. Uliza papo hapo kipi kinalipwa.

Binafsi utapata nafasi ya sindano mapema. Lakini tembe usizinunue kwa fedha yako: baadhi ya hospitali za binafsi hutoa zilezile za serikali, na kliniki ya serikali inakuandika kwenye rejista, inakupima uzito, inakutafuta ukipotea. Sisi tulichanganya: sindano tulilipia, dawa tukachukua kliniki ya karibu na nyumbani. Neno "karibu" lina maana hapa. Ferry ya Likoni ni bure kwa mtembea kwa miguu, lakini foleni yake haimhurumii mgonjwa aliyepungua mpaka suruali inafungwa kwa kamba. Chagua kliniki ya upande wako wa maji.

Miezi sita, tisa, au zaidi

Kwa kijidudu kisicho sugu, tiba ya ini ni ileile ya mapafu: miezi miwili ya dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi minne ya rifampisini na isoniazidi. Zote zimo ndani ya tembe moja iliyochanganywa, na idadi hufuata uzito. Ami alikuwa na kilo 51, akawa anameza tatu kila siku. Kutoka kilo 55 huwa nne. Huongezewa vitamini B6 ili miguu isifanye ganzi. TB ya ubongo na ya mifupa huchukua miezi 12 kwa mwongozo wa Kenya. Ya ini si lazima, ingawa wako wataalamu wanaovuta hadi miezi tisa au zaidi mgonjwa akichelewa kupata nafuu.

Kitendawili cha ugonjwa huu ni kwamba dawa tatu kati ya hizo nne hupita kwenye ini na zinaweza kulidhuru. Pirazinamidi ndiyo yenye sifa mbaya zaidi, kisha isoniazidi, kisha rifampisini. Ethambutoli haina kesi na ini. Kesi yake ni macho, na mtu akianza kuchanganya nyekundu na kijani aseme mara moja. Hata hivyo, vipimo vya ini vilivyopanda kwa sababu ya TB yenyewe si sababu ya kuzikimbia dawa. Mara nyingi ini hutulia kadiri kijidudu kinavyokufa.

Tofauti ni kwa yule ambaye ini lake lilikuwa limesinyaa tangu zamani kwa pombe au virusi. Hapo hesabu hubadilika, na Shirika la Afya Duniani limeipanga kwa ngazi: ukiondoa pirazinamidi na kubaki na rifampisini, isoniazidi na ethambutoli, tiba huwa miezi tisa. Ukibaki na dawa moja tu inayolichosha ini, huwa mwaka. Usipobaki na hata moja, ni miezi 18 hadi 24. Kila unapolipunguzia ini mzigo, unauongezea muda. Uamuzi huo ni wa mtaalamu, na mgonjwa ana haki ya kuuliza yuko ngazi ipi na kwa nini.

Ini huweza pia kuchafuka katikati ya tiba, hasa miezi miwili ya mwanzo. Kanuni inayofuatwa sana ni kusimamisha dawa ALT ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu huku mgonjwa ana kichefuchefu, maumivu au manjano, au ikizidi mara tano hata kama hajisikii kitu. Vipimo vikishuka, dawa hurudishwa moja moja, kwa kawaida rifampisini ikitangulia, na pirazinamidi pengine hairudi tena. Usizisimamishe mwenyewe nyumbani, na usizianze mwenyewe tena.

Siku ya pili ya tembe, mke wa ami alinipigia kabla ya alfajiri akilia. Mkojo umekuwa rangi ya soda ya machungwa, dawa zimemchoma ini. Nikafika, nikamkuta ami dirishani anakula mahamri. Macho meupe, hamu imerudi kidogo, fulana yake nyeupe imetia rangi ya machungwa kwapani. Ile ilikuwa rifampisini tu. Inatia rangi mkojo, jasho na machozi, na mkojo hupauka kadiri saa zinavyopita hadi tembe ya kesho. Mkojo wa ini lililochafuka ni wa rangi ya chai ya rangi, haupauki, na huja na macho ya njano, kichefuchefu, na chakula kuchukiza. Lau tungejua kabla, yule mama angelala.

Kuhusu Ramadhani: tembe ni mara moja kwa siku, na ami alizimeza wakati wa daku kwa ruhusa ya kliniki, baada ya wiki za mwanzo ambazo hakufunga kabisa. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, sina la kuongeza. Kuhusu mwarobaini na chupa za mizizi za Markiti, nilikuwa mkali: ini linalosafisha dawa tatu halipewi kazi ya nne isiyojulikana kipimo chake. Pombe ndiyo usiseme. Jirani alinuna mwezi mzima.

Mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia dolutegraviri huongezewa kipimo, miligramu 50 mara mbili kwa siku, kwani rifampisini huipunguza nguvu. Huzipunguza pia tembe za kupanga uzazi, dawa ya kulainisha damu na baadhi ya tembe za sukari. Anayekunywa maziwa mabichi, ya ng'ombe au ya ngamia, naye aseme: kijidudu cha TB ya ng'ombe huwa sugu kwa pirazinamidi kwa maumbile yake. Kwa TB sugu kwa rifampisini, tangu 2022 upo mchanganyiko wa miezi sita wa tembe tupu bila sindano, lakini TB iliyosambaa mwili mzima ina utaratibu wake, ndiyo sababu nyingine ya kuijua mapema.

Upasuaji ni nadra. Jipu kubwa hunyonywa, mrija wa nyongo uliobanwa huwekewa mpira mdogo wa kuupanua, na tembe zinaendelea vilevile.

Ami alimaliza mwezi wa sita akiwa na kilo 62. Ultrasaundi ya mwisho ilionyesha madoa mawili meupe palepale palipokuwa na uvimbe. Akaogopa, akataka aongezewe dawa. Daktari akamweleza kuwa ni chokaa, kovu la mahali palipopona, na huenda lisifutike maisha. Kisha akaniambia mimi: picha hii na ripoti ya kinyama visitupwe, kwa sababu siku atakapopigwa ultrasaundi kwa shida nyingine, atakayeyaona madoa haya bila karatasi atafikiria saratani, na mtaanza upya na sindano. Viko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, na mke wa ami anajua bahasha ipi.